Filta ya AC: ufuate kalenda, jicho, taa ya mashine au fundi?

Kiyoyozi cha shangazi yangu kule Tanga kilianza kutoa machozi mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imekaza. Maji yalichuruzika ukutani, yakatengewa beseni. Fundi wa kwanza akasema gesi imepungua, akaongeza, akalipwa. Baada ya wiki mbili beseni likarudi mahali pake. Fundi wa pili naye akaongeza gesi. Mara ya tatu mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili asiyejua gesi wala nyaya, alifunua mfuniko wa mbele akachomoa filta. Ilikuwa imevaa vumbi, manyoya ya paka na moshi wa udi hadi ikafanana na kipande cha godoro kuukuu. Akaiosha bombani, akaianika kivulini, akairudisha kabla ya Magharibi. Machozi yakakoma.

"Sasa mwanangu," shangazi akaniuliza kwenye simu, "nitajuaje kama siku yake imefika?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wengi tangu hapo, na majibu ninayoyajua ni manne: ufuate tarehe, uifungue na kuitazama, ungoje taa ya mashine ikukumbushe, au umwachie fundi. Kila njia ina watu wake.

Kwanza, filta ipi?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja zina kiyoyozi cha vipande viwili: mashine ya ndani ukutani, na mashine ya nje barazani au juu ya paa. Filta yake ni wavu wa plastiki, aghalabu vipande viwili, kushoto na kulia. Wavu huo hautupwi, huoshwa. Unabadilishwa pale tu unapochanika, fremu yake inapopinda isikae tena kwenye njia zake, au mafuta yanapogandamana hata sabuni isiyatoe.

Baadhi ya mashine zina pia vipande vidogo vyembamba vilivyopachikwa nyuma ya wavu, vya mkaa au vya kunasa harufu. Hivyo vina umri wake, umeandikwa kwenye kitabu cha mashine, na vya mkaa kwa kawaida havioshwi. Katika nyumba nilizowahi kufungua, vingi vimekaa humo tangu siku mashine ilipofungwa, vimekuwa vyeusi na havinasi chochote. Ukikosa kipya madukani, kitoe tu cha zamani. Mashine itaendelea kupoza bila kipande hicho, mradi wavu mkubwa upo.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wana jambo jingine kabisa. Kwao mara nyingi ni mfumo mmoja wa nyumba nzima, unaosukuma hewa ya moto majira ya baridi na hewa baridi majira ya joto kupitia njia za bati. Filta yake imekunjwakunjwa ndani ya fremu ya boksi, na ikichafuka hutupwa. Yenye unene wa inchi moja hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Ile nene, ya inchi nne au tano, hukaa miezi sita hadi mwaka. Kipimo kimechapwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1, pamoja na mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Ukiuweka mshale kinyume umeiweka filta kinyume.

Nimezipima kwa nini

Kwa kila njia nimeuliza mambo manne: inagharimu pesa kiasi gani, inataka jasho kiasi gani, inakosea wapi, na inamfaa nani.

Hilo la tatu ndilo zito, kwa sababu kosa la filta halibaki kwenye filta. Wavu ukiziba, hewa inayopita kwenye mapezi ya aluminiamu, yale mabati membamba yaliyo nyuma ya wavu yanayoipoza, hupungua. Mapezi yanapokosa hewa ya uvuguvugu ya chumba hushuka baridi kupita kiasi, hadi chini ya nyuzi sifuri, na unyevu unaogusa hapo huganda barafu. Barafu huziba njia iliyobaki. Ukizima mashine, au ikijizima yenyewe, inayeyuka kwa mkupuo na maji yanamwagika ukutani. Hayo ndiyo yalikuwa machozi ya Tanga. Kwa bahati mbaya gesi ikipungua kweli nayo pia huleta barafu, kwa hiyo fundi mwenye haraka hukimbilia mtungi. Hali hiyo ikiendelea, gesi hurudi kwenye kompresa, pampu inayoizungusha, ikiwa bado majimaji, na kompresa haikuumbwa kusukuma majimaji. Kuiua kompresa ni karibu sawa na kununua mashine upya.

Halafu kuna umeme. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuondoa filta iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza matumizi ya kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Tuifanyie hesabu ya Luku, umeme wa kulipia kabla. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Tuseme usiku mmoja inamaliza uniti 6, mwezi ni uniti 180. Asilimia 5 hadi 15 ya hizo ni uniti 9 hadi 27, zinazoliwa na vumbi kila mwezi bila kukupa ubaridi wowote.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia kwenye njia zenyewe: filta huchafuliwa na saa za kazi na kile kinachoelea hewani. Chumba kilicho karibu na barabara ya vumbi, jirani anayekata vigae, paka anayelala juu ya kabati, udi na ubani wa jioni, dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la chapati lililo mlango wa pili: kila kimoja kina mchango wake. Moshi na mafuta ni wabaya kuliko vumbi kavu kwa sababu hunata, na vumbi litakalokuja baadaye hupata pa kushika.

Kalenda

Vitabu vya maelekezo ya viyoyozi vya ukutani mara nyingi husema uoshe wavu kila wiki mbili. Katika jamaa zangu wote namjua mtu mmoja tu anayefuata hivyo, na ni mwalimu mstaafu. Kwa chumba cha kulala kinachowashwa usiku peke yake, katika nyumba isiyo na vumbi jingi wala moshi, naona mara moja kwa mwezi haidhuru. Kwa sebule inayowashwa kutwa nzima, wiki mbili ni wiki mbili kweli.

Pesa: maji na tone la sabuni ya vyombo. Jasho: robo saa ya kazi, na saa chache za kungoja ikauke.

Inakosea wapi? Kalenda haina macho. Wakati wa kusi, mwezi wa Julai, kuna wiki nzima hukuwasha mashine, na tarehe bado inakuambia uoshe kitu kisafi. Hilo halina hasara. Hasara iko upande wa pili: jirani akianza kujenga tarehe tano, filta imeshaziba tarehe kumi na mbili, na kalenda inasema bado. Juni 2023 moshi wa mioto ya misitu ya Kanada ulipotanda hadi New York na kugeuza mbingu rangi ya chungwa, waliokuwa wameweka filta mpya mwezi uliotangulia wakitarajia ikae miezi mitatu hawakuwa na sababu ya kuendelea kuiamini tarehe.

Inawafaa wenye nyumba kubwa ya mashine nne au tano, ambako kukumbuka moja moja ni shida, na wale wanaojijua kuwa ni wasahaulifu. Inaifaa pia nyumba ambayo kazi hii hupewa mtu maalumu, kwa sababu "kila Jumamosi ya kwanza" ni agizo linaloeleweka kuliko "ukiona imechafuka". Ifungamanishe na kitu ambacho tayari hukisahau: siku ya mshahara, au siku ya kulipa mchezo wa akina mama.

Jicho

Hapa unafungua mfuniko kila wiki, unaitazama filta, unaamua. Kipimo changu ni rahisi: ichomoe, iinue dhidi ya mwanga wa dirisha, weka vidole vyako nyuma yake. Ukiviona wazi, irudishe. Ukiona kivuli tu, ioshe leo. Usipoona kitu, ulichelewa.

Pesa hakuna. Jasho ni dogo lakini la mara kwa mara, na lina ngazi ndani yake. Mashine hukaa juu karibu na dari. Kijana atapanda kiti cha plastiki bila kufikiri, ila kwa mtu wa umri wa shangazi yangu kiti cha plastiki ni njia ya kwenda kwa daktari wa mifupa.

Hii ndiyo njia sahihi kuliko zote kwa wavu wa kuoshwa, maana inapima uchafu wenyewe na si muda. Lakini watu wengi wakisema wanaangalia, maana yake wanangoja dalili: upepo umekuwa mnyonge, chumba kinachelewa kupoa, kuna harufu ya soksi mbichi, maji yanadondoka. Huko si kuangalia. Dalili huja baada ya vumbi kuanza kupenya na kushika kwenye mapezi yenye unyevu, na vumbi la mapezi huwezi kuliosha bombani. Hilo sasa ni la fundi.

Kwa filta za kutupwa za Marekani jicho lina udhaifu wa aina yake. Filta iliyokunjwa ikigeuka kijivu bado inaweza kuwa inafanya kazi vizuri, na aliyezoea kuhukumu kwa rangi atatupa pesa kila mwezi. Huko jicho liwe msaidizi wa tarehe. Ukiona mikunjo imejaa au katikati imevutwa ndani kama shavu la mtu anayenyonya mrija, badilisha bila kuuliza siku.

Kwa kuwa mwenye kutumia jicho ndiye pia mwoshaji, haya ndiyo ya kuzingatia. Zima mashine, usiizime kwa rimoti tu, zima na swichi ya ukutani. Kung'uta vumbi kavu kwanza. Maji yapite kuanzia upande wa nyuma wa wavu, ule unaotazama mapezi, ili vumbi litoke lilikoingilia. Ukimwagia mbele unalishindilia. Maji yawe ya kawaida au ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40, kwa sababu ya moto yanapinda plastiki. Brashi laini, sabuni kidogo, jiki usiiguse. Anika kivulini. Jua la saa saba la Dar hufanya fremu ikunje kama papa mkavu, na ikishakunja hairudi kwenye njia zake. Irudishe ikiwa imekauka kabisa, la sivyo utakuwa umepanda kuvu, hasa wakati wa masika ambapo hewa yenyewe imelowa.

Na tafadhali, usiwashe mashine bila filta "ili ipumue wakati ile inakauka". Nimeona fundi akipendekeza hivyo. Saa chache za joto ni afadhali kuliko vumbi lililoganda kwenye mapezi.

Taa ya mashine

Mashine nyingi za karibuni zina taa, au alama kwenye skrini, au ujumbe kwenye simu, unaosema filta isafishwe. Watu hudhani humo ndani kuna kitu kinachoonja vumbi. Mara nyingi hakipo. Ni saa tu inayohesabu muda ambao feni imezunguka, na ikifika idadi iliyowekwa kiwandani inawaka. Vidhibiti vya joto vya ukutani vya Marekani navyo kwa kawaida hufanya hivyohivyo.

Hata hivyo kuhesabu saa ni bora kuliko kuhesabu siku. Chukua mfano wa saa 250. Kwa anayelala na kiyoyozi saa nane kila usiku, hizo ni kama mwezi mmoja. Kwa nyumba ya Muscat inayowasha mchana na usiku kiangazi kizima, ni siku kumi na kidogo. Tarehe moja isingewatosha wote wawili, lakini taa moja inawatosha.

Pesa hakuna kama mashine tayari unayo. Jasho ni lilelile la kuosha. Makosa yake ni mawili. La kwanza, haijui kama nyumba ina udi au haina, kama upepo wa jangwani umepita au haukupita. La pili ni sisi: taa inawaka, mtu inamkera, anabonyeza kitufe cha kuifuta, anarudi kulala. Kwa hesabu ya mashine filta imeoshwa, na hesabu inaanza upya.

Inamfaa anayewasha mashine kwa saa zisizotabirika: mwenye duka, anayefanyia kazi nyumbani wiki moja na kusafiri wiki inayofuata, wageni wa nyumba za kupangisha kwa siku.

Fundi

Mara ya mwisho nililipa shilingi elfu arobaini kwa mashine moja, Dar, na nilibembeleza kidogo. Kwa hiyo kwa pesa hii ndiyo njia ghali, na kwa jasho ndiyo nyepesi: unafungua mlango, unatoa maji ya kunywa.

Ila ieleweke unanunua nini. Fundi mzuri hufunga turubai chini ya mashine, huosha mapezi kwa maji ya presha, huosha feni ya ndani, husafisha trei na mpira wa kutolea maji, hukagua mashine ya nje ambayo kwa nyumba za ufukweni huliwa na chumvi, na hupima presha ya gesi. Hayo yote huwezi na usijaribu. Gesi ya R32 iliyomo kwenye mashine nyingi mpya inaweza hata kushika moto ikichezewa. Kuosha wavu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi yake, sehemu ambayo mtoto wa shule anaiweza.

Kosa la njia hii ni nafasi kati ya ziara. Watu huita fundi kila miezi mitatu, sita, au kikishaharibika. Miezi mitatu kwa mapezi ni sawa. Kwa wavu, katika nyumba inayotumia kiyoyozi kila usiku, ni mingi mno. Ukimtegemea fundi peke yake, utamlipa kila mara kusafisha mapezi yaliyochafuliwa na wavu ambao hakuna aliyeugusa.

Halafu kuna suala la gesi, ambalo nilijiahidi nisilizungumze kwa hasira. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua maana yake inavuja, na anayesema imepungua akuonyeshe inavujia wapi kabla ya kuongeza. Desturi niliyojiwekea ni kumwomba fundi anionyeshe filta mkononi kabla hajafungua boksi la geji, vile vipimo vya presha ya gesi. Mafundi waaminifu, na wapo wengi, hawakasiriki.

Inawafaa wazee wanaoishi peke yao, wenye mashine zilizofungwa mahali pa juu pasipofikika, na wapangaji ambao mkataba wao umemtwika mwenye nyumba matengenezo. Kama mkataba haujasema, ulizeni mapema nani analipa. Nimeona mpangaji na mama mwenye nyumba wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya wavu wa plastiki.

Hali yako ndiyo ipi?

Ukiishi chumba na sebule, una mashine moja na miguu mizima, tumia jicho kila wiki, na fundi mara moja au mbili kwa mwaka, ikiwezekana mwezi wa Novemba kabla kaskazi haijashika. Ukikaa kando ya barabara ya vumbi au karibu na ujenzi, jicho liwe mara mbili kwa wiki, na mashine ikae imezimwa saa ambazo jirani anakata vigae.

Nyumba yenye watu wengi na mashine nyingi, kalenda, na jina la mwenye zamu liandikwe ukutani.

Ndani kukiwa na mwenye pumu, punguza muda wowote niliotaja hapo juu uwe nusu. Na asiwe yeye anayekung'uta. Jua pia kwamba wavu wa kawaida hunasa vumbi kubwa tu. Chembe ndogo zinazoingia ndani ya mapafu hupita, hata ukiuosha kila siku. Kwa mfumo wa nyumba nzima kule Marekani, shirika lao la mazingira, EPA, hupendekeza filta ya kiwango cha MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe ndogo), au cha juu kabisa ambacho mfumo wako unakihimili. Maneno hayo ya mwisho usiyaruke, maana filta nzito kwenye mashine dhaifu hubana hewa kama filta chafu.

Kwa walioko Oman na kwingineko Ghuba, taa ya mashine kwa siku za kawaida, na jicho kila baada ya upepo wa vumbi, hata kama taa haijawaka. Kwa walioko Minneapolis au Columbus, tarehe iandikwe kwa kalamu nene kwenye fremu ya filta siku unapoiweka. Ukishuka kufua nguo unaisoma, huhitaji programu ya simu.

Na shangazi? Ngazi hapandi, taa mashine yake haina, fundi hamtaki tena kumwona. Mjukuu anakuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, anaosha, analipwa sahani ya visheti na nauli. Paka amefukuzwa chumbani. Udi hakuuacha, ila sasa anauchoma sebuleni, ambako kuna feni tu.